Sponji ndani ya mashine ya usingizi: kisa cha Philips na uamuzi alioachiwa mgonjwa

Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuwa inarejesha mamilioni ya mashine za kusaidia kupumua zilizotengenezwa na kampuni yake tanzu ya Marekani, Philips Respironics. Tangazo lilikuwa na maagizo mawili. Mtumiaji wa CPAP au BiPAP, yaani mashine za watu ambao pumzi hukatika usingizini, aliambiwa aache kuitumia na aende kuzungumza na daktari wake kuhusu tiba nyingine. Mtumiaji wa ventileta inayomweka hai aliambiwa asiiache hata kidogo mpaka daktari aseme. Kasoro ilikuwa moja, na sponji iliyokuwa ndani ya mashine zote hizo ilikuwa ya aina moja.

Waliosoma haraka walidhani kampuni inajichanganya. Kwa hilo haikujichanganya. Ventileta ikizimwa, mgonjwa anaweza kufa usiku huohuo, ilhali sponji ikimdhuru itamdhuru kwa miezi au miaka. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba watumiaji wote wa CPAP wako upande wa pili wa mstari, kwamba kila mmoja wao anaweza kuzima mashine yake jioni hiyo na kusubiri miadi ya daktari bila kupungukiwa na kitu. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa: mtu mmoja, mashine moja kando ya kitanda, na swali la kujibiwa kabla ya kulala.

Tuanze na mashine yenyewe. CPAP ni kisanduku chenye feni. Feni inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye mpira mrefu hadi kwenye barakoa, na shinikizo la hewa hiyo linazuia koo lisijifunge. Mgonjwa anayeihitaji ni yule ambaye koo hulegea akilala, njia ya hewa inaziba kwa sekunde kumi au zaidi, ubongo unamgutusha, anavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, kisha mambo yanaanza upya. Yakitokea mara 5 hadi 14 kwa saa, hali huhesabiwa kuwa nyepesi. 15 hadi 29 ni ya wastani. 30 na kuendelea ni kali. Asubuhi mtu huyo anaamka amechoka kuliko alivyolala. Anasinzia kwenye usukani. Shinikizo la damu linapanda na moyo unaweza kuanza kupiga ovyo.

Feni ina kelele, na kelele ndiyo inayowafanya watu waitupe mashine kabatini baada ya wiki moja. Philips ilitatua kero hiyo kwa kutia ndani ya kisanduku sponji nyeusi ya poliyurethani ya aina ya poliesta, ifyonze sauti. Sponji iliwekwa kwenye njia ileile ya hewa anayovuta mgonjwa. Na poliyurethani ya aina hiyo ina adui wawili wanaojulikana siku nyingi na wataalamu wa plastiki, unyevu na joto. Aliyewahi kufumua godoro kuukuu la sponji ameona: linabadilika rangi, linapoteza mnyumbuko, halafu ukiligusa linatoka unga unaonata vidoleni. Ndani ya CPAP kitu hichohicho kikitokea, chembe zinaweza kupeperushwa mpaka kwenye barakoa, na kemikali zinazotoka kwenye sponji zinaweza kuvutwa kama gesi. Malalamiko yaliyotajwa tangu mwanzo yalikuwa maumivu ya kichwa, kikohozi, muwasho wa pua na koo, kifua kubana. Tangazo lilitaja pia kwamba baadhi ya kemikali hizo huenda zikawa na athari ya kusababisha saratani.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi walilipokea kwa mshangao. Wale waliokuwa waangalifu kupita kiasi na usafi, walionunua vifaa vya kusafishia mashine kwa gesi ya ozoni, waliambiwa kwamba ozoni inaweza kuharakisha kuoza kwa sponji. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imeshaonya kuwa vifaa hivyo havijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Sabuni laini na maji kwa mpira na barakoa ndivyo vilivyokuwa vinatosha muda wote.

Mashine zilizoguswa zilikuwa za kati ya mwaka 2009 na tarehe 26 Aprili 2021. Idadi iliyotajwa mwanzoni ilikuwa milioni tatu hadi nne. Baadaye ikafika takriban milioni 5.5 duniani kote, zaidi ya nusu yake zikiwa Marekani. Nyingi zilikuwa za familia ya DreamStation. Mwezi Julai FDA iliuweka urejeshaji huu kwenye daraja la kwanza, lililo zito kuliko yote matatu, linalomaanisha kuna uwezekano wa kweli wa madhara makubwa au kifo. Daraja la pili ni la madhara ya muda au yanayotibika, la tatu ni la kasoro ambazo ni vigumu kumdhuru mtu. Mgonjwa akipata tangazo la aina hii, daraja ndilo kitu cha kwanza cha kutafuta. Lakini asisahau kwamba daraja linapima kasoro ya kifaa. Halipimi ugonjwa wake yeye.

Usiku wa kwanza

Sasa mchukue mgonjwa mwenye hali kali, mara arobaini kwa saa kabla ya kupata mashine, na ambaye kazi yake ni kuendesha gari. Mashine yake imo kwenye orodha. Hajaona chembe yoyote nyeusi. Hana kikohozi. Daktari wake ana nafasi baada ya wiki tatu. Afanye nini?

Tangazo la kampuni lilimwambia aache. Wiki mbili baadaye, tarehe 30 Juni, FDA ikatoa ushauri wenye mwelekeo tofauti: zungumza na daktari kwanza, mpime pamoja hatari ya kuendelea na hatari ya kuacha, na kwa baadhi ya watu kuendelea kunaweza kuwa salama zaidi. Kabla mwaka haujaisha kampuni nayo ilikuwa imebadili maneno yake, ikisema mgonjwa asiache wala asibadili tiba bila kuongea na daktari. Kwa huyu dereva, nadhani hoja ni nzito upande wa kuendelea hadi apate mashine nyingine, na simu kwa kliniki isisubiri miadi. Akiamua kuiacha, basi na usukani auache. Kwa mtu wa hali nyepesi, mara saba kwa saa, ambaye alianza kukohoa tangu anunue mashine na anaona vumbi jeusi kwenye mpira, hesabu inageuka kabisa. Huyo anaweza kuizima leo, alale ubavu badala ya chali, aachane na pombe ya usiku, na aulize kuhusu kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele.

Ona kwamba kasoro ni ileile. Kinachoamua ni karatasi ya vipimo vya usingizi ambayo wengi hawajui iko wapi. Ukipiga simu hospitali ukasema tu «mashine yangu imerejeshwa, nifanyeje?», utapata jibu la jumla. Ukisema «nilikuwa na mara 40 kwa saa, naendesha gari, sina dalili, mashine ina miaka minne, situmii ozoni», daktari au muuguzi ana mahali pa kushika.

Chembe nyeusi zisipoonekana, je? Hapo hakuna faraja kamili, kwa sababu sponji inaweza kuharibika bila vipande kuonekana, na gesi haionekani kabisa. Kukagua mpira na barakoa kwa tochi ni jambo zuri, lakini kunathibitisha upande mmoja tu: ukiziona, tatizo lipo; usipoziona, hujui.

Watu wenye mikono ya ufundi walifikiria njia ya mkato: kufungua kisanduku na kuing'oa sponji. FDA ilikataza, na sababu ni za kifundi zaidi ya kisheria. Kuivuta sponji iliyokwisha kulegea kunaacha mabaki ndani na kunaweza kupeleka chembe nyingi zaidi kwenye njia ya hewa. Wengine walichomeka chujio cha bakteria kati ya mashine na mpira. Kwa ventileta hilo lilipendekezwa kama hatua ya muda, chini ya usimamizi wa kitabibu. Lakini chujio hukamata chembe tu, gesi zinapita, na kinaweza kubadili jinsi mashine inavyosukuma hewa. Asiyejua kusoma vipimo vya mashine yake asijiwekee.

Jina lako liko kwenye orodha ya nani?

Sehemu hii ndiyo inayonikera zaidi katika kisa kizima. Tangazo la kurejesha kifaa halitoki kiwandani likaenda moja kwa moja kitandani kwa mgonjwa. Linapitia kwa msambazaji, kwa duka la vifaa tiba au hospitali, na mara nyingi linaishia hapo. Mgonjwa akiwa amehama, amebadili namba ya simu, amenunua mashine iliyotumika au amerithi ya marehemu baba yake, hakuna anayejua kwamba anayo. Tarehe 10 Machi 2022, karibu miezi tisa baada ya tangazo, FDA ilitumia mamlaka yake ya kisheria kuiamuru Philips iwaarifu wagonjwa upya ndani ya siku 45, kwa sababu juhudi zilizokuwa zimefanyika hazikutosha. FDA ilikuwa bado inapigiwa simu na watu ambao hawakuwa wamesikia lolote. Walikuwa wamelala na mashine hiyo usiku zaidi ya mia mbili tangu siku ya tangazo.

Kwa hiyo kazi ya kujitafuta humwangukia mgonjwa, iwe ni haki au si haki. Kwa DreamStation ilikuwa hivi: unachomoa waya wa umeme, unatenganisha tangi la maji lisije likamwagikia mashine, unaigeuza juu chini, unatafuta herufi SN kwenye lebo. Namba inayofuata ndiyo inayoingizwa kwenye ukurasa wa usajili wa kampuni, na ndiyo inayokujibu kama mashine yako imo au haimo. Jina la modeli peke yake halitoshi katika urejeshaji mwingi, kwa sababu mara nyingi ni toleo la kiwandani la miezi fulani tu lenye kasoro. Piga picha lebo hiyo kwa simu siku mashine inapofika nyumbani. Mpigie pia aliyekuuzia, umpe anwani mpya. Ukipigiwa simu na mtu anayedai anatoka kampuni na anataka namba ya kadi ya benki ili akubadilishie mashine, kata. Nenda mwenyewe kwenye ukurasa rasmi.

Waliosajili hawakupata mashine kesho yake. Kampuni ilianza kubadilisha sponji na kuweka ya silikoni kuanzia Septemba 2021, wakati dunia ina uhaba wa vipuri vya elektroniki, na mshindani mkubwa, ResMed, alikuwa amesema wazi hana uwezo wa kuziba pengo lote. Wapo waliosubiri zaidi ya mwaka. Katika kusubiri kwa namna hiyo, uamuzi wa usiku wa kwanza hauwezi kubaki vilevile. Mtu aliyeambiwa aendelee kwa mwezi mmoja alipaswa kurudi kuuliza tena mwezi wa nne. Nina wasiwasi kwamba wengi hawakurudi.

Nani alijua nini, na lini? Wakaguzi wa FDA waliingia kwenye kiwanda cha Murrysville, Pennsylvania, kuanzia Agosti hadi Novemba 2021. Walikuta ushahidi kwamba tatizo la sponji lilijulikana ndani ya kampuni kufikia 2015. Walipotafuta kwenye malalamiko ya wateja tangu 2008 kwa maneno kama sponji, chembe, uchafu na «nyeusi», yalitoka zaidi ya 222,000. Tuwe waadilifu: neno kama «nyeusi» litanasa mengi yasiyohusika. Hata ukiondoa sehemu kubwa, bado kinabaki kiasi ambacho kilipaswa kumfanya mtu ainuke kitini mapema. Linganisha na upande wa ripoti rasmi: kati ya 2011 na Aprili 2021 FDA ilikuwa imepokea ripoti 30 tu kutoka kwa mtengenezaji zinazohusishwa na kuharibika kwa sponji. Kutoka Aprili 2021 hadi Septemba 2023 zikafika zaidi ya 116,000, zikiwemo 561 zilizotaja kifo.

Idadi hiyo ya vifo ilisambaa sana, mara nyingi bila maelezo. Ripoti inasema mtu alikuwa akitumia mashine na amefariki. Haisemi mashine ndiyo iliyomuua. Watumiaji wa CPAP wengi ni watu wazima wenye maradhi ya moyo na shinikizo, na baada ya tangazo kubwa watu huripoti mambo ambayo zamani wasingeyaripoti. Kampuni ilifanya vipimo na kusema madhara makubwa hayaelekei kutokea. FDA mwaka 2023 ikasema vipimo hivyo havikutosha na ikataka zaidi. Kuhusu saratani, tafiti zilizowafuatilia wagonjwa Ontario, Kanada, na Ufaransa hazikuona tofauti ya wazi kati ya waliotumia mashine za Philips na waliotumia za makampuni mengine. Hiyo ni habari njema, ingawa saratani huchukua miaka mingi kujitokeza.

Na bado nasema: ripoti. Zile ripoti 30 za miaka kumi ndizo zilizofanya kasoro ionekane ndogo. Ripoti yenye manufaa inataja modeli, namba ya mashine, tarehe dalili zilipoanza, kama zilipungua mashine ilipozimwa, na picha ya chembe ikiwa zipo. Ipeleke kwa mamlaka ya vifaa tiba ya nchi unakoishi, usiishie kwa muuzaji. Usiutupe mpira wala barakoa kabla hujapiga picha.

Hesabu hii ya hatari mbili inakuwa ngumu zaidi kifaa kikiwa ndani ya mwili. Oktoba 2007 Medtronic iliacha kusambaza waya wa Sprint Fidelis, unaounganisha moyo na kifaa cha kuushtua, baada ya baadhi yake kukatika na kuwapiga wagonjwa shoti zisizo na sababu. Watu wapatao 268,000 duniani walikuwa wamewekewa. Hawakuambiwa warudi kung'olewa, kwa kuwa kuutoa waya uliokwisha kushikana na mshipa kunaweza kuua kwa urahisi zaidi ya kuuacha. Wengi walirekebishiwa mipangilio ya kifaa na kufuatiliwa kwa karibu. Mgonjwa mwenye kipandikizi atunze kadi yake ya kipandikizi, maana lebo yake haiwezi kugeuzwa juu chini.

Turudi kwa Philips, kwa sababu mashine mbadala ilipofika, watu wengi waliona shughuli imekwisha. Aprili 2023 ilibidi mashine 1,088 zilizotengenezwa upya zirejeshwe tena: zilikuwa zimepewa namba zisizo sahihi au zinazofanana, hivyo mashine ingeweza kufanya kazi kwa mipangilio ya mtu mwingine au ya kiwandani. Mtu aliyeandikiwa shinikizo la 14 akapata 5 anakoroma kama zamani, na anaweza kudhani ni uzee. Ndiyo sababu siku mashine mpya inapowashwa, shinikizo linaloonyeshwa kwenye kioo lilinganishwe na cheti cha daktari, na mwenye wasiwasi ampelekee muuzaji aithibitishe.

Fidia ilikuja kwa njia mbili. Mwaka 2023 kampuni ilikubali malipo ya angalau dola milioni 479 kwa hasara za kifedha za watumiaji Marekani, pamoja na dola 100 kwa kila mashine iliyorudishwa. Aprili 2024 ikakubali dola bilioni 1.1 kumaliza kesi za madhara ya mwili na gharama za uchunguzi wa afya, bila kukiri kosa. Mwezi huohuo mahakama ya Pennsylvania ilipokea makubaliano kati ya serikali na kampuni yanayozuia mauzo ya mashine mpya za usingizi Marekani hadi masharti yatimizwe. Madai haya yote yalikuwa na tarehe za mwisho na yalidai uthibitisho: risiti, namba ya mashine, kumbukumbu za hospitali. Aliyerudisha mashine bila kubaki na picha ya lebo alikuwa na kazi ya ziada.

Wale waliopata DreamStation 2, mashine isiyo na ile sponji, walipata onyo la kwao Novemba 2023. Katika muda wa miezi mitatu na nusu FDA ilikuwa imepokea zaidi ya ripoti 270 za matatizo, yakiwemo moto, moshi na kuungua. Safari hii hawakuambiwa waache. Waliambiwa waiweke mashine mahali pagumu na tambarare, mbali na zulia na mapazia, waikague kabla ya kila matumizi, na wakisikia harufu ya kuungua au wakiona plastiki imebadilika rangi, wachomoe waya na kumpigia aliyewapa mashine.